Mume wangu anameza dawa za kifua kikuu na bado anavuta sigara. Nimseme kliniki?

BARUA

Assalaam alaykum mshauri,

Mimi ni mke wa miaka 31, mkaazi wa Lamu mjini, na nina mtoto mmoja wa kiume atakayetimiza miaka 3 karibu na Maulidi. Mume wangu ni fundi wa kuchonga milango. Miezi kadhaa nyuma kikohozi kilimganda, usiku akawa analowa jasho na nguo zikaanza kumpwaya. Alipopimwa makohozi akaonekana ana kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa, nami nikaandikwa msimamizi wake: kila asubuhi namtazama akimeza, kisha natia alama kwenye kadi. Wallahi hajaruka hata siku moja.

Tatizo ni sigara. Kliniki alipoulizwa alijibu kwamba ameacha. Ukweli ni kuwa amepunguza tu. Zamani akimaliza pakiti nzima kwa siku, sasa hununua moja moja dukani, nne au tano. Mchana huvutia karakana pamoja na vijana wake wa kazi, usiku hupanda darini, chini ya makuti, mtoto akishalala.

Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa makohozi yakapimwa tena na vijidudu bado vikaonekana. Muuguzi akaniuliza mbele ya mume wangu kama kweli namsimamia, akaikagua kadi mstari kwa mstari. Mume wangu alinyamaza. Nami nikanyamaza, ila nilitoka pale moyo umevunjika, maana anayeonekana mwongo sasa ni mimi. Makohozi yamepelekwa kwa vipimo zaidi na tunangoja.

Usiku ule nilimkabili. Akasema dawa ndizo zinazoua vijidudu, sigara inahusu nini? Akanitolea karatasi ya vipimo vya damu: seli nyeupe 12,000, na pembeni alama kwamba ziko juu. "Unaona? Kinga yangu inaishinda yako." Kisha akaniapisha. Nikilipeleka jambo hili kliniki, nimemvua nguo mbele ya watu, na hatanisamehe.

Mavyaa wangu hajui habari ya sigara. Yeye huleta habasoda na asali kila Ijumaa ili kinga ya mwanawe ipande. Mamangu, aliyeko Malindi, anataka nimchukue mtoto nikakae kwake mpaka dawa ziishe. Mtoto mwenyewe anakohoa kila mara, na sikio moja limeshatoka usaha mara mbili. Nilitakiwa nimpeleke akachunguzwe, nikawa nasogeza siku, kwa sababu mji wetu ni mdogo na kila anayeingia kliniki ya kifua hujulikana kafuata nini.

Nimseme, au nihifadhi siri ya ndoa yangu? Na je, mito, shuka na vyombo anavyotumia nivitenge?

Mke mwenye siri, Lamu


JIBU

Wa alaykum salaam, dadangu.

Umebeba mizigo ya watu watatu. Kuna maradhi ya mume wako, kuna uaminifu wako uliotiliwa shaka mbele ya muuguzi, na kuna mtoto. Barua yako imeyafunga yote fundo moja, kana kwamba hakuna linaloweza kutatuliwa mpaka ujue kama utamsema mume wako au hutamsema. Naomba tulifungue fundo hilo kwanza, kwa sababu jambo moja humu halihitaji kungoja ruhusa ya mtu.

Hilo ni mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu huchunguzwa, na akionekana hana maradhi hupewa dawa ya kuyazuia. Chanjo ya BCG aliyodungwa alipozaliwa humlinda zaidi na kifua kikuu kibaya cha utotoni, kama kile cha kwenye utando wa ubongo. Haimzibii mlango wote. Kumpeleka hakufichui siri ya mtu, kwa sababu kliniki tayari wanajua kwamba babake anaumwa, na wewe wamekwisha kukuita. Macho ya majirani yanauma, siyapuuzi. Unaweza kuuliza kama atachunguzwa kwenye kliniki ya watoto, siku utakayompeleka kwa ajili ya sikio. Kikohozi chake na usaha wa sikio si lazima viwe kifua kikuu. Watoto wanaovuta moshi wa wenzao hupata maambukizi ya masikio na ya kifua mara nyingi zaidi kuliko wengine, kwa kuwa moshi huvimbisha njia nyembamba inayounganisha koo na sikio, majimaji yakatuama humo. Ila kusema "ni moshi tu" bila kumpima ni hatari sawa na kusema "ni TB" bila kumpima.

Sasa tuje kwa mume wako na karatasi yake.

Seli nyeupe za mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika kila mikrolita ya damu. Wavutaji wengi huwa na idadi ya juu kuliko wasiovuta hata wakiwa wazima, na maambukizi nayo yanaweza kuipandisha. Kwa hiyo 12,000 yake haionyeshi kwamba kinga ina nguvu. Mji uliojaa askari barabarani hausifiwi kwa amani, bali huulizwa kuna nini. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na mwili huupokea kama jeraha linalorudiwa kila baada ya saa chache. Hutoa seli za kupambana, hasa zile ziitwazo nyutrofili, nazo zikifika kwenye mapafu humwaga vimeng'enya vinavyokula hata kuta za vifuko vya hewa. Huku nyuma, kazi yenyewe ya kinga inalegea.

Inalegea wapi? Anzia kwenye njia ya hewa. Imetandikwa vinyweleo vidogo mno vinavyopiga mfululizo kusukuma ute na uchafu kuelekea kooni. Moshi huvipoozesha na, ukiendelea miaka, huvifyeka. Ute hubaki chini pamoja na vijidudu vyake, na kwa fundi wa mbao ongeza vumbi la karakana ambalo nalo lingetakiwa kutolewa kwa njia hiyohiyo. Ndani kabisa, kwenye vifuko vya hewa, hukaa seli kubwa ziitwazo makrofeji, ambazo kazi yake ni kumeza kijidudu na kukisaga. Bakteria wa kifua kikuu huingia humohumo ndani ya makrofeji, na vita yote inategemea kama seli hiyo itamuua au itamfuga. Kwa mvutaji makrofeji huwa nyingi kuliko kawaida, lakini zimejaa masizi ya kahawia, sehemu zake za kusagia zimeziba, haziendi haraka zinapoitwa, na hutoa kidogo zile kemikali za kuita msaada na kuwazungushia bakteria ukuta. Ndiyo maana mvutaji ana hatari ya takriban mara mbili ya kuugua kifua kikuu akilinganishwa na asiyevuta, makohozi yake huchelewa kusafika, na akishapona uwezekano wa maradhi kurudi huwa mkubwa zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali lake, "sigara inahusu nini?", ni hili. Dawa hupunguza idadi ya bakteria kwa kasi, lakini wale wanaolala ndani ya seli na kwenye mashimo ya pafu humalizwa na dawa na kinga kwa pamoja. Yeye anameza dawa kila asubuhi na kuidhoofisha kinga kila jioni. Na hizo sigara tano si robo tu ya madhara ya zamani kama hesabu inavyoonyesha. Anayepunguza idadi mara nyingi huvuta kwa nguvu zaidi na kuushikilia moshi kifuani, ili apate nikotini ileile aliyoizoea.

Hapo hapo, dadangu, nikusihi usiitwishe sigara lawama yote. Kipimo cha hadubini hakitofautishi bakteria hai na mfu, na mgonjwa aliyeanza na vijidudu vingi anaweza bado kutema mizoga yao mwisho wa mwezi wa pili. Huenda pafu lilikuwa limeshapata mashimo. Huenda ana sukari, ambayo nayo huchelewesha kupona, basi uliza kama alipimwa. Huenda bakteria wake ni sugu kwa dawa mojawapo, na ndicho wanachokitafuta sasa kwa hivyo vipimo zaidi. Jambo hili la mwisho lisipuuzwe hata ikithibitika kwamba anavuta. Kipimo kiendelee. Habari ya sigara isiwe sababu ya kukifuta.

Je, muuguzi ajue? Tazama kwanza kwa nini habari hiyo ina thamani kwake. Hataibadilisha dawa kwa sababu ya sigara, lakini ataacha kutafuta kosa kwenye kadi yako, ataweza kumpa mume wako msaada wa kuacha, na kifua chake kitafuatiliwa kwa jicho jingine hata baada ya miezi 6 kwisha. Hiyo ndiyo faida. Hasara umeitaja mwenyewe: ameshakuapisha, na mtu aliyeaibishwa huweza kususa kliniki. Mgonjwa anayevuta huku akimeza dawa ana nafasi kubwa ya kupona kuliko aliyeacha vyote viwili kwa hasira. Ukiamua kusema, usilisahau hilo.

Lakini kati ya kunyamaza na kumsema naona vijia vingine ambavyo barua yako haikuvitazama. Kimoja ni kumwomba muuguzi, ukiwa peke yako, awaeleze nyote wawili siku ya kuchukua dawa jinsi tumbaku inavyoathiri matibabu, kama anavyoweza kumweleza mgonjwa yeyote. Kumuuliza kila mgonjwa habari ya tumbaku na kumshauri ni sehemu ya kazi ya kliniki ya kifua, wala haitakuwa ajabu. Hujasema neno juu ya mume wako. Hatari yake ni kwamba muuguzi mwenye uzoefu atahisi, na mume wako akijua ulitangulia kwenda, ataliita usaliti hilo pia.

Kingine ni kumrudishia yeye siri yake. Mwambie uliyoniambia mimi: kwamba alinyamaza wakati mkewe akionekana mwongo. Labda hajawahi kulifikiria kwa upande huo. Mwambie hutaki kumsema, unataka aseme mwenyewe kabla ya majibu ya vipimo kufika, nawe utakaa pembeni yake. Chagua wakati ambao hajatoka kuvuta wala hajakaa saa nyingi bila kuvuta, maana mwenye kiu ya nikotini masikio yake hayasikii. Hatari ya njia hii ni kwamba ataahidi na siku zipite. Ukiitumia, mkubaliane siku maalumu. Na muulize anaogopa nini hasa. Pengine si aibu ya kuvuta, ni aibu ya kuonekana amejaribu na kushindwa.

Kuhusu Malindi, mamako anaongea kwa mapenzi na hoja yake ina uzito: mtoto atatoka kwenye moshi. Lakini mtoto aliyekwisha kukaa miezi na mgonjwa hahitaji tu kuondolewa, anahitaji kuchunguzwa, na dawa ya kuzuia ikianzwa huwa ya miezi kadhaa, haifai kukatika njiani. Mkienda, ondokeni na barua ya kuhamisha matibabu. Tena fikiria nani atatia alama kwenye ile kadi wewe usipokuwepo. Mavyaa wako angeweza, ila naye itabidi aambiwe mengi. Kama shida kubwa ni moshi, huenda mkapatana kwanza kwamba usivutwe ndani, si darini, si ukumbini. Nyumba zetu za mawe zina madirisha madogo na kuta nene, na hewa ya juu hushukia kiwandani, yaani uani. Akitoka nje, abadilishe shati na anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto. Hii haimtibu yeye, inampunguzia mtoto tu.

Ikiwa atakuwa tayari kuacha, hata kwa majaribio, hapo ndipo utakuwa na la kufanya kwa mikono yako. Mkumbushe kwamba Ramadhani mchana huku kwetu ni takriban saa 13, na mvutaji anayefunga huzimaliza bila moshi. Kinachomwangusha ni futari, kahawa, na baraza la usiku. Kiu ya nikotini huwa kali zaidi siku ya 2 na ya 3, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Chingamu na vibandiko vya nikotini husaidia, na aulize famasi au kliniki vinapatikana wapi. Mtu anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 za kuamka huanza na chingamu ya miligramu 4, asiyewahi hivyo huanza na ya 2. Wengi huishindwa kwa sababu huitafuna kama peremende, nikotini ikamezwa tumboni na kuleta kwikwi na kichefuchefu. Inatafunwa polepole mpaka uwasho utokee, halafu inaegeshwa kati ya shavu na fizi. Uwasho ukiisha inatafunwa tena, mpaka nusu saa ipite. Dakika 15 kabla yake asinywe kahawa wala maji ya ndimu au ukwaju, kwa kuwa ukali wake huzuia nikotini kupenya mdomoni. Kibandiko cha mtu wa sigara 10 au chini kwa siku ni cha miligramu 14. Kibandikwe sehemu ya juu ya mkono, karibu na bega, penye ngozi kavu, na kila siku mahali pengine. Kuna vidonge vya kuacha sigara viitwavyo bupropioni. Hivyo asivinunue mwenyewe, kwa sababu rifampisini iliyomo kwenye dawa zake huvidhoofisha, na pamoja na isoniazidi, dawa yake nyingine ya kifua kikuu, vinaweza kuongeza hatari ya kifafa.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: moshi wa sigara huufanya mwili uivunje kafeini haraka. Akiacha, vikombe vilevile vya kahawa chungu hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, moyo ukadunda na usingizi ukaruka, naye akadhani ni sigara inamwita. Apunguze kahawa kwa nusu wiki ile ya kwanza. Na miraa, kama huila, aiweke mbali kabisa kwa muda, kwani vinywa vya wengi havijui kutafuna miraa bila sigara. Shisha si njia ya kutokea. Na kwa kuwa tuko Lamu, niongeze hili hata kama halihusu tumbaku: akila jodari akaona uso unawaka na kichwa kinagonga, huenda ni isoniazidi imegongana na samaki huyo. Amwache samaki huyo mpaka dawa ziishe, na aitaje hali hiyo kliniki.

Akiacha, kikohozi kinaweza kuzidi kwa wiki chache. Vinyweleo vinaamka na kuanza kusukuma vilivyotuama. Msiogope hilo, ila damu kwenye makohozi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito ni vya kupeleka kliniki siku ileile. Kikohozi cha mvutaji na kubanwa pumzi hupungua kati ya mwezi 1 na wa 9. Kinga nayo hurudi, ingawa si yote kwa mwendo mmoja. Utafiti uliofanywa Ufaransa na taasisi ya Pasteur kwa watu 1,000 wazima, ukachapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba mwitikio wa haraka wa kinga hutulia mtu akiacha, lakini ule wa seli zenye kumbukumbu hubeba athari ya sigara kwa miaka mingi baadaye. Mimi nauona kama sababu ya kuanza mapema. Mwingine ataona ni sababu ya kukata tamaa, na mume wako akiukuta asiusome hivyo.

Habasoda na asali za mavyaa wako zisiwe chanzo cha ugomvi. Kama chakula hazina neno, mradi zisichukue nafasi ya dawa, na vidonge vya asubuhi vitangulie tumbo likiwa tupu kama alivyoelekezwa. Asali ya mtoto isiwe ya kutiwa sikioni.

Na swali lako la mwisho: usitenge vyombo, mito wala shuka. Kifua kikuu husafiri kwa hewa mtu anapokohoa, kucheka au kuimba. Sahani haimwambukizi mtu. Ila kwa kuwa makohozi yake bado yanaonyesha vijidudu, mpaka kliniki waseme vinginevyo alale chumba chake chenye dirisha wazi, mtoto asilale naye, na afunike mdomo kwa kitambaa anapokohoa. Shuka zifuliwe kwa sabuni na zianikwe juani kama kawaida yako, na zile nguo zenye harufu ya moshi zifuliwe peke yake, mbali na za mtoto.